Kompyuta inayopoteza majira: kumbukumbu ya wiki sita

Mradi huu ulianza na mistari miwili isiyoweza kuwa kweli kwa pamoja. Raspberry Pi yangu, kompyuta ndogo ya ubao mmoja, iliandika kwamba imetuma faili saa 20:14:31. Kompyuta ya mezani iliyolipokea ikaandika 20:14:08. Yaani faili lilifika sekunde 23 kabla halijatumwa. Ningeweza kuitia majira kompyuta ya mezani kwa mkono na kuendelea na kazi, lakini nilitaka kujua inachelewa kiasi gani kwa siku, na kwa nini.

Wiki ya 1

Kompyuta ya mezani ina saa mbili, na bila kuzitenganisha hakuna kipimo kitakachoeleweka. Moja iko kwenye ubao mama, inatunzwa na betri ndogo ya duara ya volti 3, na haisimami hata mashine ikizimwa. Ya pili ni ya mfumo endeshi: mashine ikiwaka, inasoma majira ya ile ya kwanza mara moja tu, kisha inahesabu kivyake kwa kutumia fuwele nyingine kabisa. Amri ya date inaonyesha ya mfumo. Hwclock inaonyesha ya ubao mama.

Vipimo vya siku tatu za mwanzo nimevitupa. Niliwasha chrony, programu inayosahihisha saa kupitia intaneti, ili saa ya mfumo iwe sahihi, nikalinganisha nayo ile ya ubao mama, na kila siku tofauti ikawa karibu sifuri. Kumbe mstari wa rtcsync kwenye mipangilio unaifanya Linux, mfumo endeshi wangu, inakili majira ya mfumo kwenye ubao mama kila dakika 11. Nilikuwa nalinganisha saa na nakala yake. Nimeufuta mstari huo na kuanza upya.

Wiki ya 2 na ya 3

Siku 10, mashine ikiwa imewaka usiku na mchana: saa ya ubao mama imebaki nyuma sekunde 21. Hiyo ni sekunde 2.1 kwa siku, au sehemu 24 kwa milioni.

Kinachohesabiwa humo ni mitetemo ya fuwele ya kwatsi iliyokatwa kama uma wenye meno mawili. Imekusudiwa kutetema mara 32,768 kwa sekunde, namba ambayo ukiigawa kwa mbili mara 15 unapata pigo moja. Yangu inatetema kama mara 32,767.2. Upungufu huo mdogo haurekebishwi na chochote ndani ya mashine, basi unajilimbikiza siku hadi siku. Fuwele za kawaida huruhusiwa kukosea hadi sehemu 20 kwa milioni. Yangu imezidi hapo, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi.

Nilibadilisha betri kwanza, kwa kuwa ndio ushauri unaotolewa kila mahali. Haikusaidia. Betri iliyokwisha huifanya saa isahau tarehe umeme ukikatika. Haielezi kuchelewa kwa mashine inayowaka muda wote.

Wiki ya 4

Niliweka kipimajoto ndani ya kasha, karibu na fuwele: nyuzi 45. Kisha nikaiacha mashine imezimwa siku tano, nikiiwasha dakika chache tu kila siku saa mbili usiku ili nisome. Safari hii ndani kulikuwa na nyuzi 25, na saa ilipoteza sekunde 4.5 kwa siku zote tano. Sehemu 10 kwa milioni badala ya 24.

Fuwele za umbo hili hutetema kwa kasi ya juu kabisa karibu na nyuzi 25. Joto likipanda au likishuka kutoka hapo, zote mbili huzichelewesha, na uchelewaji hukua kwa mraba wa tofauti: takriban sehemu 0.035 kwa milioni, mara tofauti ya nyuzi, mara tofauti hiyo tena. Kwangu tofauti ni nyuzi 20. Ishirini mara ishirini ni 400, mara 0.035 ni 14. Na 24 ukitoa 10 ni 14! Nilirudia hesabu hiyo mara tatu kwa furaha. Zaidi ya nusu ya kosa ni joto la kasha. Sehemu 10 zilizobaki ni za fuwele yenyewe na kapasita zake.

Wiki ya 5

Nimerudisha rtcsync na kuiachia chrony kazi yote. Chrony hutumia itifaki ya NTP, yaani kanuni za kuulizana majira kwenye mtandao. Itifaki hiyo, iliyobuniwa na David Mills katika miaka ya 1980, inatumia nyakati nne: ombi lilipotoka, lilipofika kwenye seva, jibu lilipotoka, na lilipofika kwangu. Kwa hizo nne unapata muda wa safari na tofauti ya saa, ukichukulia kwamba kwenda na kurudi ni sawa. Zisipokuwa sawa, nusu ya tofauti ya safari inakuwa kosa lako.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba chrony hujifunza tabia ya mashine. Kwangu imegundua saa ya mfumo inawahi kwa sehemu 7.3 kwa milioni, imeliandika hilo kwenye faili, na inaendelea kulirekebisha hata intaneti ikikatika. Ila joto likibadilika, somo hilo nalo linapungua thamani.

Wiki ya 6

Raspberry Pi 4 haina saa ya betri, na nimeihamishia mahali pasipo na intaneti. Nimeifungia DS3231, chipu yenye fuwele na kipimajoto ndani yake: inapima joto kila sekunde 64 na kujirekebisha. Waya nne, na mstari mmoja kwenye faili la mipangilio la Pi, config.txt: dtoverlay=i2c-rtc,ds3231.

Siku ya 12 leo. Imewahi kwa sekunde 0.6, karibu sehemu 0.6 kwa milioni. Chipu ina rejista (nafasi ya kuandikia namba) ya kusahihisha uzee wa fuwele, ambayo kila hatua yake ni takriban sehemu 0.1 kwa milioni, na namba chanya huipunguza kasi. Nitaiacha ifikishe siku 90 kwanza. Kwa makadirio ya leo, nitaandika 6.