Pweza Alisingiziwa

Mwanangu alikuwa na miaka mitatu pumu ya ngozi ilipomshika vibaya, akawa anajikuna nyuma ya magoti na kwenye viwiko hadi shuka inaamka na madoa ya damu. Bibi yake, ambaye ameishi Ngamiani, Tanga, umri wake wote, hakusita kutoa hukumu: damu ya mtoto imechafuka, na walioichafua ni pweza na samaki. Tukavikataza, tukaongeza kwenye katazo hilo mayai, maziwa na karanga, na kila jioni akaogeshwa maji ya mwarobaini. Baada ya miezi miwili mtoto alikuwa amekonda, na ngozi iko vilevile.

Daktari wa ngozi alianza na ngozi yenyewe. Alieleza kuwa tabaka lake la juu huimarishwa na protini iitwayo filagrini, na kwamba mwaka 2006 watafiti walionyesha kuwa wapo wanaorithi kasoro ya jeni lake, wengi wao wakiwa watu wa asili ya Ulaya; lakini kwa sababu yoyote ile, ngozi ya mgonjwa hupoteza maji upesi na hupitisha sabuni, vumbi na vijidudu, ndipo kinga ya mwili inapokuja juu. Hata mzio wa chakula mara nyingine huanzia hapo, chembe za chakula zikipenya penye mipasuko. (Aliposema kurithi, nilimtazama baba mtoto, mwenye pumu ya kifua tangu utotoni, akaangalia pembeni.)

Chakula chenye hatia, alisema, kwa kawaida hujitangaza mapema. Kwetu lilikuwa yai peke yake: dakika chache tu baada ya kulila midomo ilivimba na mwili ukajaa mabaka. Vingine tulivirudisha kimoja kimoja chini ya uangalizi wake, wala hakuna kilichotokea.

Kwa nini basi samaki alilaumiwa? Nadhani ni kaskazi. Miezi hiyo bahari hutulia na samaki huwa wengi sokoni, lakini ndiyo miezi ya joto kali, na jasho humwasha mwenye ugonjwa huu kupita kiasi. Tukaona kitoweo, hatukuona jasho.

Pweza amerudi kwenye sinia, na yai linangoja ruhusa ya daktari. Bibi hajauacha mwarobaini wake, ila siku hizi, mtoto akitoka kuoga, humpaka mafuta ya mgando kabla mwili haujakauka.