Nilivyoiona Mikono ya Serikali Katika Safari za Kwenda Mjini

Nilipoanza kuandika tasnifu yangu kuhusu uhamaji wa watu kutoka vijijini kwenda mijini, karibu kila mtu alinishauri niorodheshe yanayomsukuma mtu kutoka kijijini na yanayomvuta mjini, kisha nihitimishe. Ushauri huo unaniudhi hadi leo, kwa sababu ukiufuata, serikali hutoweka kabisa: bei mbaya ya mazao, ukosefu wa barabara na ajira za mjini huonekana kama mambo yaliyojitokeza yenyewe, ilhali nyuma ya mengi kati ya hayo kuna mtu aliyetia saini.

Kwa kumheshimu msimamizi wangu, niliiandaa orodha hiyo. Ilikwama ilipofika China. Kijijini kulikuwa na dhiki na mjini kulikuwa na mishahara, lakini kwa miaka mingi wanakijiji walio wengi walibaki walipo. Jibu nililipata katika kanuni za uandikishaji wa kaya za Januari 1958, zilizowatenga wakazi wa kilimo na wasio wa kilimo. Kizuizi hakikuwa askari peke yake. Mjini nafaka iliuzwa kwa kuponi, na kuponi walipewa walioandikishwa mjini. Aliyekuja bila uandikisho huo alikuwa na fedha mkononi na bado hakuweza kununua mchele kihalali. Masharti yalipolegezwa baada ya mageuzi yaliyoanza 1978, wakazi wa mijini waliongezeka kutoka chini ya asilimia 20 hadi zaidi ya asilimia 60 katika sensa ya 2020.

Hapo nikaitupa orodha, nikaanza kuipitisha kila sera katika hesabu ambayo kaya ya mkulima huifanya: shamba linatupa nini, mshahara wa mjini ni kiasi gani, na kuna uwezekano gani wa kuupata. Wanauchumi John Harris na Michael Todaro waliiweka hesabu hiyo katika modeli yao ya 1970, na nawasihi wanafunzi waisome mapema. Inaeleza kwa nini serikali ikiongeza nafasi za kazi mjini pekee, idadi ya wasio na kazi huko inaweza kupanda: habari za ajira mpya huwaleta watu wengi kuliko nafasi zenyewe. Kenya iliyaona hayo baada ya makubaliano ya 1964 ya kuongeza ajira, kati ya serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi.

Njia hiyo ilinionyesha pia sera ambazo hazitaji uhamaji hata mara moja. Bodi ya mazao inapokuwa mnunuzi pekee kisheria na kumlipa mkulima chini ya bei ya soko ili mkate wa mjini uwe nafuu, imeshambadilishia mkulima hesabu yake. Kwa upande mwingine, Sheria ya Nguvu Kazi ya Tanzania ya 1983 ililenga kuwaondoa mijini wasio na kazi inayotambuliwa, lakini wengi waliopelekwa vijijini walirudi, kwa kuwa shamba lilikuwa likiwapa kilekile kilichowafanya waondoke. Sheria ya India ya 2005 iliingilia hesabu hiyo upande wa kijijini, kwa kuihakikishia kila kaya ya vijijini inayoomba kazi za mikono siku 100 za malipo kwa mwaka. Sura niliyoijenga juu ya ulinganisho huo ndiyo ninayojivunia kuliko zote.

Takwimu zenyewe nilizipata bila shida kubwa, ila anayezitumia asome kwanza jinsi sensa ilivyofasili mji. Serikali ikipanua mipaka ya manispaa, vijiji vizima huhesabiwa kuwa vya mjini bila mtu yeyote kufunga mzigo wake. Wakazi wa namna hiyo niliwatenga katika jedwali lao, na hapo ndipo watahini waliponihoji kwa muda mrefu zaidi kabla ya kunipitisha.