Kilomita 21 kwa mkimbiaji wa Tanga

Ratiba nyingi za nusu marathoni zinazozunguka mitandaoni zimeandikwa na watu wanaokimbia kwenye nyuzi joto 10. Ukiichukua mojawapo ilivyo, ukaanza nayo Raskazone, hapa Tanga, mwezi wa Januari, baada ya wiki chache utakuwa hoi na utadhani huna pumzi. Pumzi unayo. Kinachokumaliza ni fukuto. Hewa ya pwani imeshiba unyevu, jasho linachuruzika badala ya kukauka, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Moyo unalazimika kupeleka damu nyingi zaidi kwenye ngozi ili joto litoke, kwa hiyo mapigo yanapanda ingawa mwendo ni uleule. Saa ya mkononi ikisema umechelewa sekunde 30 kwa kila kilomita, usishindane nayo.

Hata mabingwa hulipa. Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo, Septemba 2025, kwa saa 2:09:48, katika joto na unyevu. Miezi mitano kabla, kule Boston, alikuwa wa pili kwa 2:05:04. Mbinu za ubingwa, ambapo watu huviziana, zilichangia, lakini hali ya hewa nayo ilichukua chake.

Kwa hiyo pima kwa mdomo. Kwenye mbio ndefu uweze kusema sentensi nzima bila kuhema katikati. Ukishindwa, punguza, au tembea dakika moja halafu uendelee. Kutembea si aibu, na Tanga ya kaskazi mara nyingi ndiyo akili.

Kama tayari unaweza kukimbia kilomita 5 bila kusimama, wiki 12 zinatosha. Kimbia siku nne: mbili za kilomita 5 hadi 7 taratibu, moja ya kasi, na Jumapili mbio ndefu. Hiyo ndefu iende hivi kwa kilomita: 8, 9, 11, kisha irudi 8, 12, 13, 15, irudi 11, 16, 18, 12, na wiki ya mwisho ndiyo mashindano. Wiki za kurudi nyuma ndizo watu huzifuta kwa sababu wanajisikia vizuri, na hapo ndipo ugoko huanza kuuma. Moyo huzoea haraka kuliko mifupa na kano. Maumivu yaliyoenea kwenye ugoko mzima hupungua ukipunguza kilomita. Yakiwa sehemu moja unayoweza kuigusa kwa kidole, na yanauma hata ukiwa umelala, acha kukimbia, kamwone daktari.

Siku ya kasi, pasha mwili dakika 10, kisha kimbia dakika 5 kwa nguvu na kupumzika 2 kwa kutembea, mara nne. Kuanzia wiki ya saba badilisha ziwe dakika 15 mara mbili, kwa mwendo wa mashindano. Mwendo wenyewe: kumaliza kwa saa 2 ni 5:41 kwa kilomita; saa 2:15 ni 6:23; saa 2:30 ni 7:06. Ukitaka kukisia uwezo wako, zidisha muda wako wa kilomita 10 kwa 2.2. Kwa anayeanza, hesabu hiyo ina matumaini kidogo, hivyo ongeza dakika 5.

Toka saa kumi na moja alfajiri, na taa kichwani, maana baiskeli za Tanga hazina mazoea ya taa. Barabara ya Amboni inafaa kwa mbio ndefu: mapango yako karibu kilomita 8 kutoka mjini, kwenda na kurudi ni 16 bila kuzungukazunguka mitaani. Kimbia upande wa kulia ili uyaone magari yanayokuja, ila kumbuka barabara imeinama kuelekea pembeni. Mguu wa kulia unakanyaga chini kuliko wa kushoto kwa saa nzima, na goti huanza kulalamika kwa upande wa nje. Pakiwa na nafasi, tumia njia ya vumbi iliyo sawa.

Kuhusu upepo, ushauri wa kawaida ni kuanza kwa kuupinga na kurudi ukiwa mgongoni. Hapa fanya kinyume. Unaporudi jua limeshatoka, na upepo wa mgongoni unaokwenda sawa na wewe haukupozi kabisa. Urudi ukiupokea kifuani.

Maji yanahitaji mizani. Jipime bila nguo kabla ya kukimbia. Ukirudi jifute jasho, ujipime tena. Kila kilo iliyopungua ni takriban lita 1, ongeza na ulichokunywa. Aliyeondoka na kilo 68 akarudi na 66.7, baada ya kunywa nusu lita, ametoa jasho la lita 1.8. Hakuna haja ya kurudisha lote njiani. Lakini ukirudi mzito kuliko ulivyoondoka, umekunywa kupita kiasi, na chumvi ya damu ikizimuka hivyo ni hatari ya kweli.

Madafu tunayapenda, na potasiamu yanayo tele, ila sodiamu, ambayo ndiyo inayotoka na jasho, ni kidogo. Tia chumvi kidogo, au kunywa ukishakula. Kwa mbio za zaidi ya dakika 75 changanya lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Sukari hiyo haitoshi mafuta ya safari, hivyo beba tende: sita za kawaida ni karibu gramu 30 za wanga, kiasi cha saa moja. Zijaribu kwenye mazoezi, maana tumbo la siku ya mashindano halitaki ugeni. Usiku wa kuamkia mashindano, kula wali mweupe; wa nazi na maharage subiri kesho yake.

Raba za mtumba zibonyeze soli kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu au inapukutika, iache hata kama juu inang'aa. Acha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele, la sivyo kucha zitakuwa nyeusi.

Ramadhani, usifukuzie kilomita. Dakika 30 taratibu kabla ya magharibi, ufike nyumbani futari ikiwa mezani, zinatunza ulichojenga.

Kama lengo ni mbio za Kilimanjaro kule Moshi, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, tambarare ya Tanga haikutayarishi. Nusu marathoni yake hupanda kuelekea Mweka karibu nusu ya safari, kisha hushuka. Tafuta Jumapili tatu za kwenda Muheza ukapande barabara ya Amani, na ushuke kwa kukimbia, hatua fupi za harakaharaka, kwa sababu kushuka ndiko kunakovunja misuli ya mapaja. Wasiofanya hivyo huteseka zaidi kwenye basi la kurudi. Likisimama Mombo au Korogwe, shuka utembee, hata kama ngazi zinakutisha.