Panya kwenye stoo ya bustani: nilivyowatoa bila sumu

Mwenye kibanda cha bustani uani anajua, ukianza kukuta pakiti za mbegu zimetafunwa na mpira wa maji una vitobo ambavyo jana havikuwepo, ujue umeshapata wapangaji. Mi nakaa Morogoro pande za Bigwa, kibanda changu ni cha mbao na bati, mle naweka majembe, reki, keni ya kumwagilia, mbegu za mchicha na nyanya chungu, na viroba vya pumba na chakula cha kuku. Hicho cha mwisho ndo kilichowaita, hamna panya anayefuata jembe.

Afu na msimu nao unachangia. Masika ikiisha watu wakivuna mahindi, panya shamba wanabaki hawana kitu kule mashambani wanaanza kusogea kwenye nyumba za watu, na huyo panya shamba anazaana vibaya mno, jike lake lina matiti mpaka 24, mimba siku 23 tu, kushusha watoto kumi au kumi na moja kwa mpigo kwake ni kawaida. Kwaiyo kama pumba iko wazi pale chini na wewe unashangilia kuua mmoja leo mmoja kesho, hapo unafuga tu.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kutafuta wanapita wapi. Nilichukua majivu ya jikoni yaliyochekechwa, jioni nikanyunyiza utepe mwembamba chini ya kuta zote, asubuhi nikaingia na tochi nikiwa nimeinama na kila kitu kinaonekana, vidole vidogo pande mbili na katikati mstari wa mkia. Panya hapendi kukatiza katikati ya chumba, anatembea ubavu umegusa ukuta, mpaka mbao inashika weusi wa mafuta ya mwili wake. Njia zote zilikuwa zinaishia nyuma ya kiroba cha pumba, isipokuwa moja iliyopanda kwenye nguzo hadi rafu ya mbegu.

Basi pumba na chakula cha kuku vikahamia kwenye pipa la bati lenye mfuniko unaobana, mbegu kwenye makopo ya maziwa ya unga. Ndoo za plastiki usijidanganye, wanatafuna kuanzia kwenye mdomo wa mfuniko. Hata ile mifuko ya kuhifadhia nafaka isiyopitisha hewa, ni mizuri sana kwa dumuzi na fukusi ila panya anaitoboa vizuri tu, ukiwa nayo iweke ndani ya pipa.

Kusafisha ndo kulinichosha. Nilipoinua gambuti moja kuukuu kwenye kona likawa zito kidogo, kulikagua ndani kumejaa vipande vya kiroba vilivyochanwa vizuri kabisa kama pamba na katikati vitoto vyekundu havina hata manyoya. Sitaeleza nilivyovifanya. Ila nachotaka kusema ni kwamba usifagie kinyesi cha panya kikavu, vumbi lile unalivuta lote. Mwagia kwanza maji yenye jiki, acha kilowane, afu futa na tambara ukiwa umevaa glovu. Watu wanakumbuka ile homa ya mgunda iliyopiga Lindi 2022, ile inatoka kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, na inaingia hata kwenye kamchubuko kadogo mguuni, sasa we mtu wa bustani miguu yako unaijua ilivyo.

Kila niliyemweleza aliniambia weka sumu. Nilikataa. Nina kuku wanaozurura, jirani ana mbwa, na zile sumu za kuzuia damu isigande hazimuui panya palepale, anachukua siku kadhaa anayumbayumba hovyo, anayemdaka katika hali hiyo naye anakula sumu, awe paka, awe bundi. Na bundi jamani tunamkosea, mtu anamrushia mawe eti mchawi wakati usiku kucha anatukamatia panya bila malipo. Zile chupa zinazouzwa stendi hazina hata lebo ndo kabisa, hujui umeshika nini. Gundi nayo siitaki, mnyama anahangaika usiku mzima pale na mijusi inanasa humohumo. Paka? Paka anasaidia akiwa na njaa, wa kwangu anashiba dagaa.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja jirani. Nilimsalimia shikamoo akaitika marahaba, akaniuliza, "Mwanangu, bado unapigana na hao panya? Lete ndoo nikuonyeshe." Tukachukua ndoo ya lita 20, tukatoboa pande mbili juu, tukapitisha waya kupitia kopo tupu la soda ili kopo lizunguke likiguswa, kopo tukalipaka siagi ya karanga, ndani ya ndoo maji kama robo, afu kibao cha kupandia kikaegeshwa kwenye ukuta palepale kwenye njia ya majivu. Panya anapanda, anarukia kopo, kopo linageuka. Asubuhi ya kwanza nilikuta wengi kuliko nilivyodhani wangeenea kwenye kibanda kile. Wachache wajanja waliobaki niliwapata kwa mitego ya ubao, unauweka ncha ya chambo ikitazama ukuta, na chambo changu ni dagaa aliyefungwa kwa uzi, usipomfunga anachomolewa taratibu na mtego haufyatuki.

Mashimo niliziba mwisho kabisa, majivu yalipokaa bila nyayo. Ukiziba mapema unawafungia ndani, watatoboa kwingine au watafia humo na harufu utaijua mwenyewe. Panya mdogo anapita kwenye upenyo wa milimita 6 tu, yaani penseli ikiingia na yeye anaingia, kwaiyo wavu wa kuku haumzuii kitu, tafuta ule wavu wa chuma wenye vitundu vidogo kabisa. Kwenye vishimo vya chini nilisokomeza stilwaya ya kusugulia masufuria nikafunika na saruji iliyochanganywa na vipande vya chupa. Chini ya mlango ambapo paliachwa upenyo na fundi (fundi wetu na milango, tuache tu) nilipigilia kipande cha bati. Nyasi zilizokuwa zimeegemea kibanda nikafyeka zote, na kuni zikahamia mbali na ukuta.

Sa hivi mtego mmoja unakaa mle muda wote na majivu nayanyunyiza mara mojamoja, hasa watu wakianza kuvuna. Kilichobaki ni panya buku wanaonichimbulia mihogo kule nje. Hawa ndo jamii ileile ambayo shirika la APOPO wanaifundisha hapahapa mjini kwetu, chuo cha kilimo SUA, kunusa mabomu ya ardhini, mmoja wao Magawa alipewa medali ya dhahabu na shirika la wanyama la Uingereza 2020 kwa kazi aliyofanya Kambodia. Wa kwangu hawana medali, wana mihogo yangu, na ndoo ya lita 20 kwao ni beseni la kuogea. Mwenye uzoefu na hao anisaidie.