Kasha la bati kutoka West Riding

Kasha lilipotufikia, Novemba 2009, hati zake zilikuwa zimeshafunguliwa, zimenyooshwa na kupangwa kwa tarehe, za kale chini na za karibuni juu. Lilikuwa kasha jeusi la bati, la aina iliyojaa zamani katika ofisi za mawakili wa Uingereza, na jina la milki, yaani mashamba ya ukoo mmoja wa West Riding, kaskazini mwa Uingereza, limeandikwa ubavuni kwa rangi nyeupe. Ndani mlikuwa na hati za ngozi mia moja na kitu, madaftari manne ya msimamizi wa mashamba, na barua za familia zilizowekwa peke yake kwenye bahasha mpya. Mtu wa kujitolea, kwa nia njema kabisa, alikuwa amekata tepe zote nyekundu zilizofunga mafurushi, kisha akazitupa.

Mwenzangu mkuu wa kazi, mtunza nyaraka wa miaka mingi, alichungulia mle kashani na kukaa kimya kwa muda. Kisha akasema tusisome hata neno moja mpaka tuwe tumezigeuza hati zote kifudifudi.

Ubaya wa kupanga kwa tarehe unataka maelezo. Kwa karne nyingi Uingereza haikuwa na daftari moja la taifa la wamiliki wa ardhi. Mwenye shamba alithibitisha haki yake kwa kuonyesha mnyororo wa hati: fulani alimuuzia fulani, naye akamrithisha fulani, mpaka kwake. Sheria ya 1874 iliridhika na mnyororo wa miaka 40, ile ya 1925 ikashusha hadi 30, na ya 1969 hadi 15. Shamba lilipouzwa, hati zake zote zilimfuata mnunuzi zikiwa furushi moja. Kwa hiyo furushi ni historia ya kipande kimoja cha ardhi. Milki ya ukoo ilikusanya mafurushi mengi kadiri ilivyonunua mashamba, na ukizichanganya hati zake kwa tarehe unakuwa umekata historia za mashamba manane na kuzishona kuwa kanzu moja isiyomfaa mtu. (Baada ya 1925 mawakili wengi waliona hati za kale hazina kazi tena wakazitoa kwenye maghala yao. Ngozi nyingi ziliishia kuwa vifuniko vya taa na hata ngoma. Hilo linaniuma mpaka leo.)

Basi tukazigeuza. Mgongo wa hati husema mambo ambayo uso wake hauyasemi. Hati ya ngozi ilikunjwa mara kadhaa mpaka ikawa kifurushi chembamba kinachoshikika mkononi, na upande uliobaki nje karani wa wakili aliandika tarehe, majina ya pande mbili na jina la shamba. Mara nyingi aliongeza nambari. Tulikuta nambari za wino mweusi kutoka 1 mpaka 14 kwa mwandiko mmoja, na nyingine kutoka 1 mpaka 9 kwa mwandiko mwingine. Hayo yalikuwa mafurushi mawili, na tuliyapata kabla ya chai ya saa nne.

Zisizo na nambari zilitambulika kwa uchafu. Hati ya nje ya furushi hubeba masizi ya makaa ya miaka mia mbili, za ndani hubaki safi, na tepe iliyofunga huacha mstari mweupe pale vumbi lilipozuiwa. Tulilaza hati kando kwa kando na kulinganisha mistari hiyo kwa rula. Hati mbili zenye mstari wa upana mmoja, kwa umbali uleule kutoka ukingoni, zilifungwa pamoja. Tulitazama pia mikunjo, kwa sababu hati iliyokaa ndani ya nyingine hukunjika kwa kipimo cha ile iliyoibeba. Tuliifanya kazi hiyo kwa mikono mitupu iliyooshwa na kukaushwa vizuri, maana glavu za pamba hukupunguzia hisia za vidole na hunasa kwenye kingo za ngozi. Mezani hapakuwa na kalamu ya wino, ila penseli tu.

Ngozi yenyewe ina tabia zake. Karibu zote zilikuwa za kondoo. Ngozi ya kondoo ina mafuta mengi kati ya tabaka zake, na mtu akijaribu kukwangua neno ili abadilishe kiasi cha fedha au jina, tabaka la juu huchanika na doa likabaki wazi. Faida hiyo ya kuzuia ughushi ilijulikana katika Hazina ya wafalme wa Uingereza tangu karne ya 12. Hasara ni kwamba tabaka hizohizo huachana zenyewe hati ikikunjuliwa kwa nguvu. Ngozi iliyokaza hailowanishwi, na pasi haiisogelei kabisa: maji na joto huigeuza kuwa gundi ikajikunyata bila kurudi. Huachwa siku kadhaa kwenye hewa yenye unyevu kiasi, kisha hukandamizwa taratibu kwa vizito vidogo vyenye risasi ndani. Lakiri nyekundu ya mihuri hutegemezwa kwa chini wakati hati inapogeuzwa, la sivyo uzito wake hukata kile kiukanda cha ngozi kinachoishikilia.

Siku ya pili tulianza kusoma, lakini si kutoka mstari wa kwanza. Hati moja inaweza kuwa na maneno elfu tatu, na sehemu kubwa ni maneno ya kisheria yanayojirudia. Unatafuta tarehe, pande zinazohusika, vitenzi vya kutoa, maelezo ya ardhi, kisha sharti. Vitenzi ndivyo vinavyokuambia aina ya hati. Ukikuta ardhi imetolewa kwa mwaka mmoja tu, kwa shilingi tano, na kodi yake ni punje moja ya pilipili manga ikidaiwa, usidhani umepata mpangaji maskini. Umeshika nusu ya mauzo.

Njia hiyo ya mauzo ilitawala Uingereza kuanzia karne ya 17 hadi 1841. Sheria mbili za 1536 ndizo zilizoizaa. Moja ilitaka mauzo ya umiliki kamili yaliyofanywa kwa hati ya mapatano yaandikishwe hadharani, jambo ambalo wenye mali hawakulipenda. Nyingine ilimpa mnunuzi wa haki ya muda milki ya ardhi papo hapo, bila hata kukanyaga shamba. Wanasheria wakaziunganisha. Leo muuzaji anampa mnunuzi ardhi kwa mwaka mmoja, jambo lisilohitaji kuandikishwa. Kesho, kwa kuwa mnunuzi tayari anaimiliki kama mpangaji, muuzaji anamwachia haki iliyobaki kwa hati ya pili. Hati ya kwanza ni ndogo na haitaji bei ya kweli. Ya pili ni kubwa, tarehe yake ni ya siku inayofuata, na ndiyo yenye bei na masharti. Zilikunjwa pamoja, na ukiziona zimetengana ujue kuna mkono uliopita hapo.

Sisi tulikuwa na ile ndogo tu. Ilihusu shamba la ekari 43 ambalo ukoo huo ulinunua, nayo imeandikwa tarehe 10 Februari 1723. Ile kubwa haikuwemo, si kasha­ni, si kwenye bahasha, si katikati ya kurasa za madaftari. Katika rundo la tarehe, hati hiyo ndogo ilikuwa imewekwa kabla ya rehani ya tarehe 20 Mei 1723, ambayo kwayo mwenye milki alikopa pauni 2,000. Kwa mpangilio huo hadithi ilisomeka hivi: alinunua shamba Februari, akaishiwa, akakopa Mei.

Rehani hiyo tuliitazama kwa muda mrefu, kwa kuwa ni mfano mzuri wa namna yake. Mkopaji hakuweka hati mezani tu kama dhamana. Alimkodishia mkopeshaji mashamba kwa miaka 1,000, kwa sharti kwamba deni na riba vikilipwa kwa siku iliyotajwa, ukodishaji huo ubatilike. Msomaji wa Kenya hatashangazwa na hesabu kama hiyo, maana Sheria ya Ardhi ya 1915 iliwapa walowezi miaka 999, na ni Katiba ya 2010 iliyoipunguza kuwa 99 kwa wasio raia. Katika rehani za Uingereza miaka hiyo mingi ilikuwa chombo cha dhamana tu. Tena, deni lilipolipwa, mara nyingi haikufutwa. Ilihamishiwa kwa wadhamini wailinde milki dhidi ya madai yaliyojificha, na ndiyo maana unaweza kukuta hati za miaka ya 1790 zikiendelea kuhamisha rehani iliyolipwa zamani. Sheria ya 1845 ndiyo iliyoukomesha mtindo huo.

Riba ilikuwa pauni 5 kwa kila 100, kiwango cha juu kabisa kilichoruhusiwa na sheria tangu 1714. Daftari la msimamizi lilionyesha pauni 50 zikitoka kila miezi sita. Lakini fedha zenyewe zilikwenda wapi?

Jibu la kwanza lilitoka kwenye ile bahasha mpya ya barua. Barua moja, ya mke wa mwenye milki kwa wakili wao, ilikuwa na mikunjo isiyo ya kawaida. Barua za wakati huo hazikuwa na bahasha: karatasi ilikunjwa yenyewe na kufungwa kwa lakiri. Hii ilikuwa na mikunjo hiyo, na juu yake mikunjo mingine mirefu na myembamba. Tulipoilaza ndani ya rehani, iliingia sawasawa mpaka doa la kutu kwenye kona. Wakili ndiye aliyeiweka humo. Ndani yake mama huyo anahimiza fungu la binti yake litayarishwe kabla ya ndoa. Kwetu mahari humwendea bibi harusi na watu wake, lakini katika koo hizo za Uingereza fedha zilitoka nyumbani kwa binti zikaenda naye, na kiasi chake kilikuwa kimeshaandikwa katika mapatano ya ndoa ya wazazi wake hata kabla hajazaliwa. Hapa kilikuwa pauni 1,400. Barua hiyo ilipowekwa pamoja na barua nyingine kwa sababu tu nayo ni barua, ilipoteza nusu ya maana yake.

Zilibaki pauni 600, na ile hati iliyopotea.

West Riding ya Yorkshire ilikuwa mojawapo ya sehemu chache za Uingereza zilizokuwa na daftari la kuandikisha hati. Lilifunguliwa mjini Wakefield mwaka 1704 na likaendelea hadi 1970. Halikunakili hati nzima, ila kwa karne ya 18 kumbukumbu fupi: tarehe, pande, mahali pa ardhi, na mashahidi pamoja na kazi zao na makao yao. Bei kwa kawaida haimo. Kuna faharasa ya majina na ya mahali. Tulikwenda siku ya tatu, tukatafuta kuanzia Februari 1723 hadi mwisho wa mwaka, kwa jina la muuzaji na kwa jina la kijiji. Hapakuwa na kitu.

Tulirudi kwenye ile hati ndogo na safari hii tukausoma mstari wa kwanza wote. Kosa lilikuwa hapo, nasi tulikuwa tumelirithi kutoka kwa aliyepanga rundo. Mpaka 1752 mwaka wa kisheria wa Uingereza ulianza tarehe 25 Machi. Februari 1723 ilikuja baada ya Mei 1723, na kwa hesabu yetu ni Februari 1724. Hati yenyewe ilithibitisha hivyo, kwa kuwa ilitaja pia mwaka wa 10 wa utawala wa Mfalme George. Alirithi ufalme tarehe 1 Agosti 1714, kwa hiyo mwaka wake wa 10 unaanzia Agosti 1723 na kuishia Julai 1724. Rehani ya Mei ilitaja mwaka wa 9. Tangu siku hiyo sisomi tarehe yoyote kati ya 1 Januari na 24 Machi, kabla ya 1752, bila kuupiga hesabu mwaka wa mfalme, na katika orodha naiandika kwa miaka yote miwili: 10 Februari 1723/4.

Tulifungua faharasa ya 1724. Kumbukumbu ilikuwamo, imeandikishwa Machi, ikitaja hati mbili kwa pamoja za tarehe 10 na 11 Februari, shamba lilelile, jina la mpangaji aliyekuwa akililima, na mashahidi wawili, mmoja wao karani wa yule wakili aliyeandikiwa barua. Bei haikuwemo, kama tulivyotarajia. Jioni hiyo tulirudi kwenye daftari la msimamizi, ukurasa wa Februari, tukakuta pauni 585 zimelipwa kwa muuzaji huyo, na chini yake pauni 15 kwa wakili na ada zake.

Siku ya nne tulifunga mafurushi manane kwa tepe ya pamba isiyo na rangi, kwani ile nyekundu huchuja ikipata unyevu, na kila furushi likaingia kwenye kisanduku cha karatasi isiyo na asidi. Barua ya mama tuliirudisha ndani ya rehani, katikati ya karatasi mbili safi, na kwenye bahasha ya barua tukaacha kipande cha karatasi kinachosema ilipo. Pale ambapo hati kubwa ya 11 Februari ingekaa tuliweka kipande kingine kama hicho, chenye nambari ya kitabu cha Wakefield, ukurasa wake, na nambari ya ukurasa wa daftari la msimamizi.