Bomba lilipokauka dawa ikiwa kichwani

Ijumaa moja, mkesha wa ndoa ya mdogo wangu, niliketi katika saluni ya komini ya Kamalondo, hapa Lubumbashi, nikiwa nimelipa franka elfu 30 kabla hata ya kufungwa kitambaa shingoni. Mwenye saluni alinikabidhi kwa binti anayejifunza kazi kwake, kisha akaenda kushughulikia mteja mwingine. Binti huyo alinipaka difrizan, dawa ya kunyoosha nywele, hadi kwenye ngozi ya kichwa, bila kutanguliza mafuta ya mgando kwenye paji la uso na nyuma ya masikio, na bila kuuliza kama nilikuwa nimefumua misuko karibuni. Nilikuwa nimeifumua siku iliyotangulia, na ngozi ilikuwa bado na michubuko ya kucha.

Nilipoanza kusikia moto utosini nilimwambia. Alinijibu kwa upole: «Vumilia kidogo, yaya (dada mkubwa), ndiyo inaingia.» Nikavumilia. Niliposhindwa alikimbilia bomba, nalo likakoroma na kutoa upepo mtupu. Hapakuwa na bidoni, yaani dumu la maji, hata moja iliyojazwa asubuhi. Ilibidi avuke barabara kuomba maji kwa majirani, nami nikabaki nimeinama juu ya beseni kavu, nikiona povu jeupe likidondoka na nyuzi za nywele ndani yake.

Nimeeleza jambo hili la maji kwa urefu kwa sababu ndilo kiini cha dai langu lote. Dawa hizi kwa kawaida huwa na sodiamu haidroksaidi, au kalsiamu haidroksaidi inayochanganywa na guanidini kaboneti palepale kabla ya kupakwa. Zote mbili ni alkali kali sana. pH yake, yaani kipimo cha asidi na alkali, huzidi 12, ilhali maji safi yako kwenye 7. Kazi yake ni kuvunja viungo vya salfa vinavyoushikilia mkunjo wa unywele, lakini dawa haijui pa kuishia: ikipitiliza muda huendelea kuula unywele wenyewe, kisha ngozi. Kwa hiyo moto anaousikia mteja si dalili kwamba dawa «inaingia», bali ni dalili kwamba wakati wa kuosha umefika au umepita. Msusi anayefungua kopo la difrizan bila maji karibu, katika mji ambamo sote tunajua bomba linavyoweza kukauka bila taarifa, amekwisha kukosea kabla ya kugusa kichwa cha mtu.

Jumatatu nilirudi saluni nikiwa na kitambaa kichwani, picha nilizopiga siku ileile, ujumbe wa simu ulioonyesha malipo, na cheti cha daktari wa kituo cha afya aliyeona vidonda vitatu na kuviandika. Mwenye saluni alinipokea vizuri, akanipa kiti, kisha akanionyesha karatasi iliyobandikwa ukutani: pesa ikishapokelewa hairudishwi. Akaongeza kwamba aliyenihudumia alikuwa mwanafunzi, hivyo kosa halikuwa lake yeye.

Hoja hizo mbili husikika karibu katika kila saluni ya mji huu, na wateja wengi hunyamaza wakizisikia. Mimi sikunyamaza, kwa sababu nilikuwa nimeketi Jumapili nzima na shemeji yangu aliyesoma sheria. Katika kitabu cha tatu cha sheria zetu za kiraia hapa Kongo, kilichotokana na amri ya tarehe 30 Julai 1888, kifungu cha 258 kinasema kwamba kila tendo la mtu linalomletea mwingine hasara humlazimu aliyekosea kuirekebisha, na kinachofuata kinahusisha pia uzembe na kukosa uangalifu. Kifungu cha 260 kinajibu hoja ya mwanafunzi waziwazi: anayemtuma mtu kazi hujibu kwa madhara anayoyasababisha huyo aliyetumwa akiwa katika kazi hiyo. Binti yule hakunipaka dawa kwa hiari yake. Alitumwa, tena aliachwa peke yake.

Kuhusu karatasi ya ukutani, kifungu cha 33 kinasema mapatano yaliyofanyika kihalali ni sheria kwa walioyafanya, na kwamba ni lazima yatekelezwe kwa nia njema. Nilimwambia mwenye saluni hivi: «Mama, mapatano yetu yalikuwa nikupe elfu 30, wewe unyooshe nywele zangu. Sikukubali kuchomwa.» Karatasi inaweza kumzuia mteja aliyebadili mawazo baada ya kupendeza. Kuigeuza kuwa ruhusa ya kuumiza ni kudai jambo ambalo hakuna mteja aliyewahi kulikubali.

Alijaribu kunipa huduma nyingine bure. Nilikataa, na ningemshauri mwingine akatae. Kwa kazi iliyoharibika bila kumdhuru mtu, kama meshi (nywele za kuongezea) zilizosukwa ovyo, kurudia ni suluhisho la haki. Hata nchini Uingereza, ambako sheria ya haki za watumiaji ya mwaka 2015 inadai huduma ifanywe kwa uangalifu na ustadi wa kutosha, kurudia kazi ndiyo njia ya kwanza, lakini pale isipowezekana mteja hupunguziwa bei. Ngozi yenye vidonda hairudiwi.

Wako waliosema ningeenda polisi. Ninaeleza kwa nini sikwenda. Ambaye angelala kasho, yaani mahabusu, usiku ule ni yule binti, ambaye mama yake huuza mboga ili amlipie mafunzo, wala si mwenye saluni. Nami nilitaka kurudishiwa hasara yangu, sikutaka mtoto wa watu atozwe pesa ya kutoka. Nilimweleza mwenye saluni kwamba tusipoelewana nitampelekea barua yenye tarehe na madai yangu, nakala yake ibaki kwa shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa, na baada ya hapo nitafungua kesi katika mahakama ya amani, ambayo ndiyo hushughulikia madai madogo kama haya. Anayedai ndiye anayepaswa kuthibitisha. Ndiyo maana picha, ujumbe wa malipo na cheti vilikuwa mezani tangu mwanzo.

Tulikubaliana siku ya pili, jirani mmoja wa kila upande akishuhudia. Alinirudishia elfu 30 zote, akalipa gharama ya daktari na dawa ya kupaka, nami nikaandika kwa mkono kwamba sitadai zaidi iwapo vidonda vitapona bila kuacha makovu. Sharti hilo la mwisho nililiweka kwa makusudi, kwa kuwa kovu likifunika ngozi nywele hazioti tena mahali pale, na hasara kama hiyo haipimwi kwa wiki moja. Kila mmoja wetu alibaki na nakala yenye sahihi. Nilipokuwa nikitoka, binti yule alikuwa mlangoni akijaza bidoni ya tatu.