Mauser K98k: kutoka jeshini hadi mawindoni

Unataka kuigeuza K98k, bunduki ya jeshi la Ujerumani ya Vita Kuu ya Pili, iwe ya kuwindia? Kabla hujashika msumeno, linganisha namba. K98k ambayo namba za mtutu, bolti (kipande cha chuma kinachofunga nyuma ya risasi) na mwili wake bado zinafanana ina thamani zaidi ikiachwa ilivyo. Za kubadilisha ni zile zilizochanganywa vipuri. Na hizo ndizo za kupimwa kwa geji kwanza: bolti iliyotoka bunduki nyingine ikiacha nafasi kubwa nyuma ya risasi, ganda hupasuka na gesi humrudia mpigaji usoni.

Kazi yenyewe ni kutoboa matundu ya kufungia darubini. Ngozi ya chuma cha Mauser ni ngumu, ndani ni laini, kwa hiyo biti ya kawaida huteleza. Tumia ya kabaidi, ambayo ni ngumu zaidi. Ukishaifunga darubini, mkono wa bolti unaigonga na kitasa cha usalama hakinyanyuki. Weka kitasa cha usalama cha pembeni. Mkono, mpe fundi bunduki achomee mpya: joto likifika kwenye meno ya kufungia, ugumu wake unapotea, na bolti hiyo ni ya kutupa.

Kitako kitoe grisi, ukipake mafuta ya kitani kidogo kidogo. Mtutu wa sentimita 60? Uache. Kwa nguruwe mwitu unatosha kabisa.